Nowruz nyumbani: mwongozo kamili wa kuyapokea majira ya kuchipua, kuanzia ngano ya kuloweka hadi siku ya 13

Nowruz haianzi Machi 20. Inaanza wiki mbili kabla, siku unayoloweka kikombe cha ngano. Anayekumbuka dakika ya mwisho atapata kila kitu dukani, lakini majani yaliyoota kwenye sahani yake mwenyewe hatayapata. Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa tarehe, na hela zinazohitajika ni chache kuliko unavyodhani.

Kwa asiyeijua: ni mwaka mpya wa jua, wenye asili ya Uajemi, unaoanza pale usiku na mchana vinapolingana mwezi wa Machi na baridi ya kaskazini inapoanza kulegea. Unasherehekewa Iran, Afghanistan, Tajikistan, Uzbekistan, Azerbaijan, kwa Wakurdi popote walipo, na kwingineko. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009, na mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ukaitangaza Machi 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Nowruz.

Sisi wa pwani si wageni kabisa katika jambo hili. Nairuzi ya wazee wetu, ile Siku ya Mwaka ambayo Makunduchi bado wanaiadhimisha kwa Mwaka Kogwa, ni tawi la mti huohuo. Tofauti ni kwamba mwaka wa pwani una siku 365 tu, hauongezi siku kila mwaka wa nne, kwa hiyo umekuwa ukirudi nyuma kidogo kidogo hadi leo unaangukia Julai. Wairani wao wanalifuata jua lenyewe, na sherehe yao haibanduki Machi. Waismailia wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala nao huadhimisha Navroz Machi 21. Huku kwetu hakuna majira ya kuchipua, ni kweli, ila tarehe hizo ndizo mawingu ya masika yanapoanza kukusanyika na jua la mchana linakuwa utosini kwa wakaao kwenye Ikweta. Aliyeko Oslo au Minneapolis hahitaji maelezo: ndipo anapouona tena udongo baada ya miezi ya theluji.

Kwanza ijue saa

Mwaka mpya wa Nowruz hauingii saa sita usiku. Unaingia kwa dakika, pale jua linapovuka mstari wa Ikweta kuelekea kaskazini, na dakika hiyo ni moja kwa dunia nzima. Mwaka 2026 ilikuwa Machi 20 saa 11:46 jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Kila mwaka husogea mbele karibu saa sita, na mwaka mrefu wenye Februari 29 huirudisha nyuma siku moja. Mwaka 2027 itakuwa muda mfupi kabla ya saa tano na nusu usiku wa Machi 20 kwa Nairobi na Dar es Salaam. London ni kama saa mbili na nusu usiku, Toronto ni alasiri, na Muscat kalenda itakuwa imeshageuka kuwa Machi 21. Mwaka 2028 itakuwa alfajiri kwetu, kama saa 11:17 ya Machi 20.

Iandike kwenye karatasi, ubandike mlangoni kwa friji. Tarehe zote nyingine zinahesabiwa kutoka hapo.

Siku 14 kabla: sahani ya majani

Hii ndiyo sabzeh, na kama una nafasi ya kufanya kitu kimoja tu katika mwongozo huu, fanya hiki. Unaweza kutumia ngano nzima, adesi nzima za kahawia, au choroko. Ngano hutoa majani membamba yaliyosimama, huvumilia makosa, na yakirefuka kupita kiasi unayapunguza kwa mkasi nayo yanaendelea kuota. Adesi hupendeza zaidi, lakini ukishazikata zimeharibika. Choroko hukimbia sana kwenye joto, halafu hulala chini kama zimechoka kabla sherehe haijafika. Kwa mara ya kwanza, chagua ngano.

Nunua ngano ya kula, ile ya kusagisha. Mbegu za duka la pembejeo zenye rangi ya waridi au kijani zimepakwa dawa, usizilete jikoni.

1. Kikombe kimoja kinatosha sahani ya kawaida ya chakula. Osha, toa zilizovunjika, loweka kwa siku nzima kwenye maji ya baridi na uyabadilishe mara mbili.
2. Chuja, funga kwenye kitambaa cha pamba chenye unyevu, weka kwenye bakuli mahali penye kivuli. Nyunyiza maji asubuhi na jioni. Baada ya siku moja au mbili utaona ncha nyeupe zikichungulia.
3. Zitandaze kwenye sahani bapa, tabaka moja lililobanana, mbili zikizidi sana. Funika kwa karatasi laini ya jikoni iliyoloweshwa.
4. Endelea kunyunyiza mara mbili kwa siku. Maji yasituame: inamisha sahani uone, na yakikusanyika pembeni yamwage.
5. Majani yakifika urefu wa kucha, ondoa karatasi na usogeze sahani dirishani. Igeuze kila siku, la sivyo yote yataelekea upande wa mwanga.

Siku ya tatu au ya nne watu wengi huitupa sahani bure. Wanaona manyoya meupe yamezunguka mbegu na kudhani ni ukungu. Tazama kwa karibu: kama manyoya yametoka kwenye mzizi wenyewe, mafupi na yaliyolingana, na ukinyunyiza maji yanalala na kupotea machoni, hivyo ni vinyweleo vya mizizi na mambo yako ni safi. Ukungu hutanda juu ya mbegu kama utando, una rangi ya kijivu, na unanuka. Ukianza sehemu moja, kijiko kinatosha kuuondoa. Ukishatanda sahani nzima, loweka upya.

Siku 14 ni za nyumba ya baridi. Kwenye joto la Mombasa au Tanga ngano inaweza kufika urefu wa kiganja kwa siku nane, basi loweka siku tisa au kumi kabla. Siku mbili za mwisho, zungushia utepe mwekundu katikati ili majani yasianguke nje.

Kutikisa nyumba

Ndivyo Wairani wanavyouita usafi wa kuelekea Nowruz, na hawatanii. Mazulia yanatolewa nje na kusuguliwa, mapazia yanashushwa, kabati linasogezwa, na vumbi la nyuma yake linaaibisha watu. Wengi hujimaliza kwa kuifanya kazi yote siku moja. Gawa chumba kimoja kila jioni, anzia juu (feni, taa, juu ya kabati) ukishuka chini, na jiko liwe la mwisho kwa sababu utalichafua tena kwa kupika. Nguo usizovaa zifunge furushi ziende kwa mwenye kuzihitaji kabla ya siku yenyewe. Madeni madogo lipa. Aliyenuniana na ndugu au jirani, huu ndio wakati wa kupiga simu.

Nyumba ikishakuwa safi wao huchoma mbegu za esfand, moshi ukapita kila chumba kuondoa husuda. Mwenye chetezo na ubani nyumbani hahitaji kuzitafuta.

Jumanne ya mwisho usiku: moto

Usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka, unaoitwa Chaharshanbe Suri, watu huwasha mioto midogo wakairuka wakiuambia moto: umanjano wangu wa ugonjwa uchukue wewe, wekundu wako nipe mimi. Mwaka 2027 ni jioni ya Jumanne, Machi 16.

Moto uwe mdogo kweli, usiopita goti, wa vijiti vikavu au makuti machache, kwenye mchanga au udongo mtupu, na ndoo ya maji karibu. Anayeruka asivae kanga, dera wala nguo ya nailoni. Watoto wadogo waruke wakiwa wamebebwa, au waruke mshumaa. Kwa anayekaa ghorofani, mshumaa mmoja kwenye sinia sakafuni unatosha kabisa, na Wairani wengi wa ughaibuni hufanya hivyohivyo. Fataki ziacheni. Huko Iran kila mwaka hospitali hupokea majeruhi kwa sababu yake.

Wakurdi wao huwasha moto mkubwa jioni ya Machi 20, wakimkumbuka Kawa, mhunzi wa hadithi aliyemwangusha mfalme dhalimu. Ukialikwa kwenye Newroz yao, nenda, na uvae viatu vya kuchezea ngoma.

Siku mbili kabla: meza ya sini saba

Haft-sin ni meza yenye vitu saba ambavyo majina yake ya Kiajemi yanaanza na herufi sini. Vilivyozoeleka ni sabzeh, sib (tufaha), sir (kitunguu saumu), serkeh (siki), somaq (sumaki, kiungo chekundu chachu), senjed (tunda kavu la mti unaofanana na mzeituni) na samanu, uji mzito wa ngano iliyochipua. Kila kimoja kina maana yake: majani ni uhai mpya, tufaha ni uzuri, saumu ni afya, siki ni subira ya uzee, sumaki ni rangi ya jua linapochomoza, senjed ni mapenzi, samanu ni nguvu na neema.

Senjed na samanu zitakusumbua nje ya miji yenye maduka ya Kiirani. Usizihangaikie. Badala yake weka sekkeh, yaani sarafu, na sonbol, ua la haisinti linalouzwa kwenye vyungu Ulaya kila Machi. Zote ni sini halali kwa Wairani wenyewe. Sumaki ipo kwenye maduka ya viungo ya Waarabu, na Muscat huikosi. Aliyeko kijijini na hana hata tufaha anaweza kutandika meza ya S za Kiswahili: siki, sarafu, saumu, simsim, sukari, samli, na samaki wa kukausha. Mgeni wa Kiirani atacheka, kisha atakula.

Tandika kitambaa safi. Nyuma simamisha kioo, mbele yake mishumaa, kisha vile saba kwenye vibakuli vidogo, sabzeh katikati. Ongeza kitabu: kwa Waislamu wengi ni Msahafu, wengine huweka diwani ya mshairi wa Kiajemi Hafez, wengine vyote viwili. Samaki wa dhahabu kwenye bakuli la kioo utamwona kwenye picha nyingi, ila sikushauri, kwa sababu bakuli lile halimtoshi na hufa mapema. Kuna desturi nzuri zaidi ya kuacha danzi au chungwa lielee kwenye bakuli la maji, likawa mfano wa dunia.

Mayai yanahitaji jioni moja na watoto. Yawe ya rangi nyeupe ukiyapata, maana ya kahawia hutoa rangi iliyofifia. Chemsha maganda makavu ya vitunguu saba au vinane katika lita moja ya maji kwa nusu saa, chuja, tia vijiko viwili vya siki, kisha pika mayai humo kwa dakika kumi au zaidi kidogo na uyaache yapoe humohumo. Yatatoka kahawia yenye wekundu. Manjano ya unga hutoa njano, na kabichi ya zambarau, cha ajabu, hutoa buluu. Ukitaka mchoro, bandika jani la kotmiri kwenye yai bichi, livalishe kipande cha soksi nyembamba ya wanawake, funga fundo kwa nguvu, ndipo ulitie sufuriani. Ukilivua, jani limebaki jeupe na mishipa yake yote inaonekana. Pakaza mafuta kidogo ling'ae. Kila mtu wa nyumbani awe na yai lake.

Chakula cha usiku wenyewe

Iran, mlo wa Nowruz ni wali wa majani na samaki, na kwa mtu wa pwani hakuna la kuogopa hapo. Kwa watu watano au sita chukua vikombe vitatu vya basmati, uoshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, uloweke kwa saa moja katika maji ya chumvi. Katakata kotmiri, pasli, majani ya kitunguu na dili (kwa wauza mboga wa Kihindi iulizie kwa jina la suva), jumla vikombe vitatu vilivyoshindiliwa. Majani ya uwatu kidogo yanaongeza harufu, yakizidi yanaleta uchungu. Yakaushe vizuri kabla ya kuyakata, yakiwa na maji wali utashikana.

Chemsha maji mengi yenye chumvi, mimina mchele, na baada ya dakika tano hivi bonyeza punje kwa vidole. Ikiwa laini nje na bado ina kiini kigumu ndani, chuja mara moja. Kwenye sufuria nzito tia mafuta na samli, panga vipande vya viazi vyenye unene wa nusu sentimita chini kabisa, kisha pakia wali na majani kwa tabaka hadi vilundikane. Toboa mashimo matatu kwa mpini wa mwiko. Moto wa wastani dakika nane hadi mvuke utoke, halafu shusha kabisa, funga mfuniko kwa kitambaa unyonye jasho, acha dakika 45. Wenye jiko la mkaa wapalie kama pilau na chini waache makaa machache.

Kule chini umejitengenezea ukoko, na Wairani wanaugombania kuliko sisi. Ili utoke mzima, kalisha sufuria ya moto kwenye beseni lenye maji ya baridi kwa dakika mbili, mpaka usikie unaachia kwa mlio mdogo, kisha pakua wali na uubandue kwa kijiko bapa. Nyunyizia juu zafarani iliyotwangwa na kulowekwa kwenye maji moto.

Samaki ni wa kukaanga, kwa chumvi, manjano na unga kidogo. Wao hutumia samaki mweupe wa Bahari ya Kaspi. Changu anafaa sana. Kamulia danzi, siyo limau, kama msimu unaruhusu. Pembeni pika kuku sabzi, na jina lisikuchanganye, hamna kuku humo: ni mayai sita yaliyokorogwa na majani yaleyale kwa wingi, jozi zilizopondwa na manjano, yakakaangwa yamefunikwa na kugeuzwa mara moja.

Asiyependa jiko anaweza kuwafuata Waafghanistan. Haft mewa yao ni matunda makavu na kokwa za aina saba, kama zabibu nyeupe, zabibu nyeusi, aprikoti, lozi, pistachio na jozi, vilivyooshwa na kulowekwa siku mbili kwenye friji. Hakuna sukari, maji yenyewe yanakuwa sharubati. Menya ngozi ya lozi na jozi kwanza ili maji yasiwe machungu.

Nowruz ya 2024 na ya 2025 iliangukia ndani ya Ramadhani, na waliofunga waliutandika mlo wao baada ya futari. Hilo halina ugumu.

Dakika yenyewe, na siku zinazofuata

Robo saa kabla, kila mtu aoge, avae nguo mpya au safi, akae kuizunguka meza. Washa mishumaa. Waislamu wa Iran husoma dua ya *Ya muqallibal quluub wal abswaar*. Saa ikigonga mnakumbatiana, mnaambiana *Nowruz mobarak*, na mkubwa wa nyumba anatoa eidi kwa watoto: noti mpya zilizokuwa zimelala ndani ya kitabu mezani. Ni mkono wa Idi huohuo tunaoujua, ila noti lazima ziwe hazijakunjwa, kwa hiyo pita benki mapema. Kisha wote wanakula kitu kitamu.

Ziara zina utaratibu wake. Wadogo huwaendea wakubwa kwanza, babu na bibi kabla ya wajomba na shangazi, na wakubwa nao hurudisha ziara siku za baadaye. Kikao ni kifupi, chai, kokwa na keki ndogo. Ukiwa na jirani wa Kiirani au wa Kiafghanistan, kubisha hodi na sahani ya visheti kutakufungulia mlango kuliko ujumbe wowote wa simu.

Meza inabaki ilivyo muda wote huo. Nyunyizia sabzeh, badilisha mayai yakianza kunuka.

Siku ya 13: nje

Aprili 2, miaka mingine Aprili 1, hakuna anayebaki ndani. Inaitwa Sizdah Bedar, na familia nzima hubeba mkeka, birika na chakula kwenda kwenye majani na maji. Bustani ya mji inatosha, ufukwe unatosha. Sabzeh inachukuliwa pia, maana imeshabeba mabaya ya nyumba na haifai kurudi nayo. Wasiooa na wasioolewa hufunga fundo kwenye majani yake wakinuia, kisha inatupwa kwenye maji yanayotembea.

Toa utepe kwanza, na sahani rudi nayo. Pasipo na mto, au pale ambapo kutupa kitu majini ni kosa la kupigwa faini, fukia mboji au wape mbuzi na kuku, wataimaliza kabla chai haijapoa.